Elfu Kumi na Saba na Mia Tano

Niliinua mkono. Nianze na hilo,
kabla hujaniuliza nilikuwa upande gani.
Siku ile ukumbini Maracha, feni imekufa kama kawaida,
tuliambiwa malori ya mbao yameacha ushuru
kupita makadirio: milioni thelathini na moja kasoro kidogo.
Ondoga wa zahanati akasimama na karatasi yake:
betri za sola, kitanda cha kujifungulia,
mafuta ya ambulensi iliyoota majani nyuma ya choo.
Hatukumkatiza. Tulimsikiliza
kama mtu anavyosikiliza mvua ya kijiji cha jirani.
Kisha diwani akasema, "Pesa ya watu irudi kwa watu,"
ukumbi ukalipuka makofi,
na mkono wangu ulikuwa juu kabla yangu.

Mimi ndiye karani. Niligawa mwenyewe.
Kaya elfu moja mia saba na sabini,
bahasha za kaki, wino wa zambarau,
gumba baada ya gumba baada ya gumba.

Usicheke. Ungemwona mama Drateru,
aliyelipa ushuru wa kuku, ushuru wa kikapu,
ushuru wa kukaa chini sokoni na kikapu hicho hicho,
na serikali haijampa hata uchochoro.
Alizihesabu noti, akazirudia, akaniuliza:
"Nirudishe lini?"
Hazirudi, mama. Ni zako.
Akazifunga kwenye pindo la lesu, mafundo mawili,
akaenda taratibu kama aliyebeba yai.
Hilo sitaki mtu aniambie halikuwa kitu.

Basi zikaingia mitaani.
Jembe. Sukari kilo mbili.
Deni dukani kwa Ejidra, lililokwisha Jumanne
likaanza upya Jumatano.
Kwete ikapanda bei jioni ile ile.
Anguandia alinunua redio isiyo na betri;
betri, alisema, ni mwakani, wakigawa tena.

Alhamisi usiku uchungu wa Candiru ukakwama.
Mkunga alikuwa ameing'ata simu kwa meno
ili taa yake imulike pale mikono ilipo,
akaitema kusema neno moja: "Arua."
Tukaing'oa ambulensi kwenye majani.
Iliwaka. Nakuapia, iliwaka,
ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Tangi kavu.

Sijui nani alianza kugonga milango.
Elfu mbili. Elfu tano.
Mia tano, ndiyo iliyobaki, samahani.
Mama Drateru akafungua fundo la kwanza,
akasita,
akafungua la pili.
Nami nimeshika kofia, najikuta
nakusanya ushuru gizani
kwa watu wale wale, noti zile zile,
nyingine nazijua kwa mikunjo yake,
bila stakabadhi, bila kifungu cha sheria,
na hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi,
maana kule zinakokwenda
kulisikika hadi barabarani.

Lita kumi na nane.
Kwa hesabu ya karani, bahasha tano na nusu.

Mtoto yuko hai. Mama naye yuko hai;
wanasema atatembea, wasiseme lini.

Jumamosi mumewe alikuja ofisini,
kofia kifuani, kijidaftari cha shule mkononi.
Anataka majina. Nani alitoa ngapi.
Yeye si mtu wa kula vya watu, alisema,
akauliza kwa sauti ya chini: "Nirudishe kwa nani?"

Nikafungua rejesta.
Safu ya waliopokea ipo, imejaa zambarau.
Nikapekua mbele, nikapekua nyuma,
yeye akisubiri, kalamu imeshaguswa ulimi.
Na mlangoni, Ondoga, na karatasi yake ile ile
iliyokunjwa mara nne,
hasemi kitu, anaangalia tu kama nafasi ipo
kwenye benchi.